"Usimtazame uso wake": andiko la kuchagua kiongozi limegeukaje somo la kicheni pati?

Mleta mada

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na ndugu zetu wa upande wa pili, salaam aleikum, karibuni pia maana hili lipo kote.

Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite salama.

Kila semina ya mabinti, kila kicheni pati ya kilokole, kuna mistari miwili haikosi: 1 Samweli 16:7 na 1 Petro 3:3. Mama mchungaji anasimama, anasema Mungu haangalii sura anaangalia moyo, kwa hiyo acheni mawigi, acheni kope za kubandika, acheni mkorogo. Vigelegele. Mkorogo ukikemewa mimi sina neno, nitaufikia huko chini. Shida yangu ni kwamba lile andiko la kwanza halikusemwa kuhusu binti yeyote.

Rudini mkasome taratibu. Samweli yuko Bethlehemu kwa mzee Yese, ana pembe ya mafuta, katumwa kumpata mfalme. Anaingia Eliabu, mzaliwa wa kwanza. Nabii mzima, si mimi na wewe, anamtazama na kujisemea kuwa huyu ndiye. Hapo ndipo anakatwa kauli: "Usimtazame uso wake, wala urefu wa kimo chake, kwa maana mimi nimemkataa."

Kwa nini kimo kinatajwa? Kwa sababu Israeli walishaumwa na kimo. Sauli, ukisoma sura ya 9, hakuna aliyekuwa mzuri kumpita, na kuanzia mabegani kwenda juu alikuwa mrefu kuliko watu wote. Walishangilia kweli. Kufika sura ya 15 yule mrefu anakiri kwa kinywa chake kuwa amevunja agizo kwa sababu aliwaogopa watu. Na bado nabii yuleyule aliyemtia mafuta Sauli anataka kurudia kwa Eliabu.

Kwa hiyo hili ni andiko la kamati ya uchaguzi. Linamhusu mwanaume, mrefu, mtanashati, anayetaka kukabidhiwa ofisi. Sasa niambieni ni lini mara ya mwisho mmelisikia likisomwa siku ya kuchagua wazee wa kanisa, au kamati ya ujenzi, au kumwita mhubiri wa mkutano mkubwa? Siku hiyo halisomwi. Siku hiyo tunatazama suti. Yule mwinjilisti aliyezunguka vijijini kwa baiskeli, kola ya shati imeisha mpaka uzi unaonekana, anapewa sala ya kufunga. Mgeni wa suruali iliyobana na viatu vya ncha kali, ambaye hakuna anayemjua vizuri, anapewa madhabahu na maji ya chupa. Yakobo sura ya 2 aliliona hili: tajiri mwenye pete ya dhahabu anaambiwa keti hapa mahali pazuri, maskini anaambiwa simama pale. Hakuandika kuhusu wapagani, aliandika kuhusu kusanyiko la waumini.

Jambo la pili. Wengi tunaishia mstari wa 7. Sogea mpaka wa 12 uone Daudi mwenyewe anavyoelezwa anapoletwa kutoka machungani: mwekundu, macho mazuri, umbo la kupendeza. Mwandishi ametoka kutuambia Mungu haangalii sura, halafu mistari mitano mbele anaisifu sura. Hajichanganyi. Anachosema ni kwamba Daudi hakuchaguliwa kwa uzuri wake na wala hakukataliwa kwa uzuri wake. Biblia haina aibu na watu wazuri. Sara, Rebeka, Raheli, Abigaili, Esta, na kwa wanaume Yusufu, wote wanatajwa uzuri wao wazi. Absalomu ndiye kapewa sifa kuliko wote, kuanzia wayo wa mguu hadi utosi hana ila, nywele zake zikikatwa zinapimwa shekeli 200. Kijana huyo ndiye aliyempindua baba yake.

La tatu ndilo linalonichekesha na kunitisha. Sura ya 17, Daudi anafika vitani na mikate ya kaka zake, anauliza habari za Goliathi. Nani anamkaripia? Eliabu. Anamwambia: "mimi najua kiburi chako, na ubaya wa moyo wako." Yaani yule aliyekataliwa kwa sababu Mungu ameuona moyo wake, sasa ndiye mtaalamu wa kusoma mioyo ya wenzake. Kina Eliabu tunao wengi makanisani. Wanamtazama dada aliyepaka rangi ya mdomo wanasema moyo wake haujaokoka. Ile "Bwana huutazama moyo" ina mwenyewe, na mwenyewe ni Bwana.

Kuhusu Petro. Anataja kusuka nywele, kujitia dhahabu na kuvalia mavazi. Ukisema ni marufuku ya moja kwa moja, basi na mavazi yamo kwenye orodha hiyohiyo, tutaenda ibadani vipi? Anachosema ni kwamba pambo lako lisiishie hapo, liwe na lile lisiloharibika. Na Ezekieli 16 inamwonyesha Mungu mwenyewe akimvika Yerusalemu vikuku, mkufu, hazama puani na taji kichwani. Kosa linaanza mstari wa 15: "uliutumainia uzuri wako". Kuutumainia, hapo ndipo kwenye dhambi.

Mwisho, mkorogo. Tunawakemea mabinti wanaojichubua, halafu siku ya kurekodi video ya kwaya waimbaji weupe wanasogezwa mbele na weusi wanapelekwa safu ya nyuma karibu na wapiga ngoma. Hakuna anayetamka sababu, kila mtu anaijua. Binti wa miaka 17 aliyesimama nyuma ameshapata mahubiri yake, na kesho ataenda dukani kununua kopo. Wimbo Ulio Bora 1:5 unasema "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri", na mstari unaofuata dada huyo anasema wazi kuwa jua limemuunguza kwa sababu kaka zake walimlazimisha kulinda mizabibu. Weusi wake ni wa kazi ya shamba. Sijawahi kusikia somo hilo kwenye semina.

Naomba kuwasilisha. Nakaribisha hoja, matusi hapana.

---

Mzee wa Nyundo

Siti ya mbele nimekaa na karanga zangu.

---

Njia Nyembamba

Mleta mada una ufundi wa maneno, lakini unafungua mlango mtakaoshindwa kuufunga. Leo "si marufuku", kesho tunaona vitovu madhabahuni. Paulo kwa Timotheo anasema mavazi ya kujisitiri, pamoja na adabu nzuri na moyo wa kiasi, si kusuka nywele, dhahabu, lulu wala nguo za thamani. Isaya 3 inataja mapambo moja moja ambayo Bwana atayaondoa: njuga, vikuku, pete, hazama, vioo vidogo. Bibi zetu walipookoka wakati wa Uamsho walivua hereni bila kuhubiriwa na mtu, na mioyo yao ilikuwa safi kuliko yetu. Kizazi hiki kinatafuta andiko la kuhalalisha kile ambacho tayari kimekinunua.

---

Mleta mada

Njia Nyembamba, nakuheshimu na hoja yako ni nzito. Ila Isaya 3 usianzie mstari wa 16. Anzia wa 14. Kesi inaanza kwa wazee na wakuu wa watu, kwamba mali ya maskini imo ndani ya nyumba zao na wanazisaga nyuso za maskini. Hizo njuga na vikuku zimenunuliwa kwa hela hiyo. Nabii ametaja mapambo kwa sababu yalikuwa ushahidi wa wizi.

---

Njia Nyembamba

Sawa, hapo umenipa silaha nyingine. Basi sema na gharama! Paulo alisema nguo za THAMANI. Leo harusi moja ya mshirika ina sare ya kicheni pati, sare ya sendofu na sare ya harusi yenyewe. Mjane anakopa vikoba anunue kitenge cha siku moja, maana asipovaa sare anakaa nyuma kabisa na sahani yake inachelewa. Hilo si pambo la nje? Mnawacheka wanaovua hereni, lakini wale waliovua hereni angalau hawakumdai mtu.

---

Kidoti cha Mbeya

Njia Nyembamba leo umeongea, kwa mara ya kwanza tumekubaliana humu 😂 Sare zinaua watu.

---

Kijana wa Ubungo

Tuache unafiki wakuu. Mwanaume anaoa anachokiona. Moyo utauona saa ngapi na mchumba mnakutana nusu saa mbele ya mchungaji? Hata Yakobo aliyebarikiwa alimtaka Raheli kwa sababu alikuwa mzuri wa umbo na uso. Lea macho dhaifu aliletewa gizani, angemwona mchana asingekubali. Hiyo ndiyo hali halisi.

---

Mleta mada

Kijana wa Ubungo, sikubishii kuwa macho yanaoa. Biblia haifichi kwamba Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, na haisemi ilikuja ikabadilika. Lakini fuata habari mpaka mwisho. Mwanzo 29:31, Bwana anaona kwamba Lea hapendwi. Kwenye nyumba nzima ile yeye peke yake ndiye aliyeliona kama jambo. Kwa Lea anatoka Lawi, ukoo wa makuhani, na anatoka Yuda, ukoo wa Daudi na wa Yesu. Raheli alizikwa njiani kuelekea Efrata. Yakobo anapokufa Misri anaagiza azikwe pango la Makpela, na anataja waliolala pale: Abrahamu na Sara, Isaka na Rebeka, "na huko nilimzika Lea". Sisemi hiyo ilimlipa kwa miaka aliyoishi bila kupendwa. Nasema aliyeandika kitabu alimtazama Lea kuliko mumewe alivyomtazama.

---

Kijana wa Ubungo

Duh. Hilo la kaburi sikulijua.

---

Mfuasi wa Hoja

Mimi si mtu wa dini, nauliza kwa nia njema. Hiyohiyo Biblia, Walawi 21, inakataza kuhani kipofu, kiwete, mwenye pua iliyoharibika au kibyongo asisogee madhabahuni. Hapo Mungu anatazama moyo au anatazama pua?

---

Mleta mada

Swali zuri, na wahubiri wengi wanalikwepa. Nitajibu ninavyolielewa. Sura hiyohiyo mstari wa 22 inasema kuhani huyo atakula chakula cha Mungu wake, kitakatifu na kile kitakatifu sana. Hakufukuzwa ukuhani wala hakunyimwa fungu lake. Alichozuiwa ni kusogeza sadaka, na mnyama wa sadaka naye alitakiwa asiwe na kilema, ilikuwa lugha ya alama. Baadaye Isaya 56 inawaahidi matowashi, ambao Kumbukumbu la Torati 23 liliwazuia kusanyikoni, kwamba watapewa jina ndani ya nyumba ya Mungu. Na Mathayo 21 inasema vipofu na viwete walimwendea Yesu mle mle hekaluni akawaponya. Ukiniuliza kama Walawi 21 bado inanikwaza, ndiyo, inanikwaza. Lakini naona njia inakoelekea.

---

Pwani Tulivu

Waaleikum salaam mleta mada. Kwetu ipo hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba Mwenyezi Mungu haangalii sura zenu wala mali zenu, bali anaangalia nyoyo zenu na amali zenu. Hapo kwenye amali naomba Wakristo mtusaidie, maana naona mnasema moyo moyo, na moyo hauonekani. Amali zinaonekana. Kuhusu mkorogo msijione wenyewe, hata huku ndani ya mabuibui yapo mambo.

---

Mama wa Kovu

Nimesoma yote, sasa niseme langu.

Nina kovu la moto tangu utotoni, kuanzia sikio la kushoto mpaka kidevuni, na upande huo wa mdomo hauinuki nikicheka. Hilo "uzuri wa ndani" naambiwa kila kanisa ninaloingia. Dada wa mapokezi ananishika mkono, anainamisha kichwa kidogo, sauti inashuka: "Mpendwa, Mungu anaangalia moyo." Hajaniuliza hata jina! Moyo wangu kaujulia wapi? Wanaonijua ndani ni mume wangu na wanangu, na wao wanasema nina mdomo mrefu na sisahau deni.

Nikivaa gauni jipya nalolishona mwenyewe, maana mimi ni fundi cherehani, nataka mtu aseme gauni limetulia. Basi. Wenzangu wanasifiwa magauni, mimi nasifiwa moyo. Hilo andiko mkilitoa kwa mtu kama pole ya sura yake, mmeshamtazama uso.

Halafu mleta mada umemsahau Isaya 53. "Hana umbo wala uzuri, na tumwonapo hana uzuri hata tumtamani." Mnayemwabudu ndiye huyo. Kwenye kalenda ukutani mmemweka nywele za mawimbi na macho ya bluu.

---

Kidoti cha Mbeya

Dada, hiyo ya kalenda 🙌

---

Mleta mada

Mama wa Kovu, sina cha kuongeza hapo. Nimekusoma mara mbili. Na hayo magauni kama unapokea oda weka picha.

---

Mtaalamu wa Dawa

Naingilia suala la mkorogo kwa upande wa afya, maana mahubiri mengine yanaweza kuumiza.

Mkorogo unaitwa hivyo kwa sababu unakorogwa kweli: losheni ya dukani, tyubu ya dawa ya ukurutu, sabuni, wakati mwingine na vitu ambavyo muuzaji mwenyewe havijui. Viambato vitatu ndivyo tatizo kubwa. Haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu inaweza kuleta madoa ya bluu-nyeusi mashavuni, yaani mtu anakimbia weusi anapata weusi usiotoka. Zebaki, ambayo inapita kwenye ngozi na kuumiza figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwisho kuwa 2020 kwa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni, lakini makopo bado yapo mitaani. Cha tatu ni steroidi kali kama klobetasoli, ambayo inafanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ionekane, michirizi itokee na vidonda vichelewe kupona.

Sasa wachungaji nisikilizeni. Msimwambie mtu "tupa leo, Mungu atakuponya". Aliyepaka steroidi kali kwa miaka akiacha ghafla uso unaweza kuwaka, kuvimba na kutoa vipele vikali, na wengi hapo hurudia kopo kwa hofu. Aende kwa daktari wa ngozi apunguziwe kwa utaratibu. Walio kaskazini, KCMC Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na ndipo inapotengenezwa losheni ya kujikinga na jua kwa watu wenye ualbino. Hospitali ile ina mizizi ya kanisa. Siku nyingine kwenye semina mwalikeni mtu wa huko badala ya kuzomea.

---

Mzee wa Nyundo

Uso Fanta, vidole Koka. Ukitaka kujua waumini waliojikoroga tazama mikono wakati wa kutoa sadaka, viungo vya vidole havidanganyi.

---

Mama wa Kovu

Na wewe Mzee wa Nyundo wakati wa sadaka unatazama vidole vya watu, yako umetoa?

---

Mzee wa Nyundo

😂😂 Nimekoma.

---

Mwalimu wa Kwaya

Nimeguswa na la safu ya mbele, kwa hiyo nijitetee. Kwaya hupangwa kwa sauti: soprano, alto, tena, besi. Mwalimu anayejua kazi hagusi huo mpangilio. Anayevuruga ni mwongozaji wa video. Mara ya mwisho alikuja, akatazama kwenye kamera, akaanza kuwahamisha watu, akasema hawa mbele, hawa nyuma, wengine "wanaleta giza kwenye picha". Nikamwambia waimbaji wangu wawili bora wa alto umewaficha nyuma ya spika. Akasema picha haina alto. Viongozi walikuwa wameshamlipa nusu, nikanyamaza.

---

Jicho la Lenzi

Mimi ni mpiga picha za video, hizo kwaya ndizo zinazonilisha. Huyo jamaa aliwadanganya au hajui kazi. Hakuna mtu anayeleta giza. Mmevaa majoho gani?

---

Mwalimu wa Kwaya

Meupe, yenye utepe wa zambarau.

---

Jicho la Lenzi

Ndiyo hapo. Kamera ukiiachia ijipimie mwanga yenyewe, inaona weupe mwingi, inadhani pana mwanga mkali sana, inapunguza. Joho linatoka zuri, uso mweusi unazama. Mweupe anaponea kidogo, basi mwongozaji mvivu anaona dawa ni kumsogeza mweupe mbele. Mtu anayejua anapima mwanga usoni kwa waimbaji weusi kwanza, anaongeza taa moja ya pembeni ili shavu lipate umbo, halafu anahakikisha joho haliungui. Nikifanya hivyo alto wako wawili watang'aa kuliko wote, maana ngozi nyeusi ikipata taa ya pembeni inapendeza sana kwenye kamera.

---

Mwalimu wa Kwaya

Kwa hiyo tubadilishe majoho?

---

Jicho la Lenzi

Majoho acheni. Badilisheni mwongozaji.

---

Njia Nyembamba

Na hayo majoho yalichangiwa shilingi ngapi kwa kichwa?

---

Mwalimu wa Kwaya

Njia Nyembamba, hilo tuonane inboksi.